Uliza Ujibiwe: Kufundisha Kiingereza Korea Kusini

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: Korea Kusini inaajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje, je, milango yake iko wapi na ndani kukoje? Tumechagua saba. Nyingine zimejibiwa kwa kirefu, nyingine kwa mistari michache, kwa kadiri swali lenyewe lilivyodai.

SWALI: Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, na nimefundisha sekondari miaka minne. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Kuna wakala anasema nikimlipa nitaingia Korea kwa viza ya matembezi, halafu ya kazi nitabadilishiwa hukohuko. Nimlipe? (Mwalimu, Dodoma)

Usimlipe, ndugu. Viza ya mwalimu wa lugha nchini Korea inaitwa E-2, na kwa somo la Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Basi. Ukisikia ofisa anakwambia Kiingereza chako hakina kasoro lakini viza huipati, hajajikanganya; wanachoangalia ni uraia. Alama za mtihani wa lugha hazibadilishi neno hapo. Tunaiona kanuni hii ya ajabu, maana inamwacha nje mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu sekondari hadi chuo kikuu, ila ndiyo iliyopo.

Kufundisha kwa viza ya matembezi ni kosa kwa mwalimu na kwa aliyemwajiri pia. Huishia kwenye faini, kuondolewa nchini na kuzuiwa kurudi. Na huyo wakala kajianika mwenyewe kwa kudai hela: mawakala wanaotafutia shule za Korea walimu hulipwa na shule. Mwalimu hatoi kitu.

Milango iliyobaki kwako ni hii. Wa kwanza ni ufadhili wa serikali ya Korea, GKS, kwa masomo ya uzamili: uwe chini ya miaka 40, wastani wa alama kuanzia asilimia 80, na ukubali mwaka mzima wa kujifunza Kikorea kwanza, mpaka ufaulu mtihani wa TOPIK ngazi ya 3. Hiyo ni safari ya mwanafunzi, si ya mwajiriwa, lakini mtu hutoka nayo na shahada ya Korea na lugha mdomoni. Wa pili ni viza ya E-1 ya wahadhiri wa vyuo vikuu, ambayo haifungwi na ile orodha ya nchi saba. Wa tatu ni wa walioolewa au kuoa Wakorea: viza ya F-6 haimfungi mtu kwenye kazi ya aina moja.

Wa nne wengi hawaujui. E-2 ni viza ya lugha za kigeni, si ya Kiingereza peke yake, na msingi wake ni kwamba mwalimu awe raia wa nchi ambako lugha hiyo ni ya wenyeji na awe amesomea huko hadi shahada. Kwa Kiswahili, wewe ndiye mwenyeji. Soko ni dogo mno, tusidanganyane, lakini lipo: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kina masomo ya Afrika yenye Kiswahili ndani yake.

SWALI: Nilizaliwa Kisumu, nimekulia na kusoma Uingereza, na pasipoti yangu ni ya huko. Nataka kuingia EPIK. Nianze na karatasi ipi? (Dada wa Leicester)

EPIK ni mpango wa serikali unaopeleka walimu kwenye shule za umma, ulianza 1995. Huingiza watu mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Agosti, na maombi hufunguliwa takriban miezi sita kabla. Kwa kuwa hukuzaliwa Uingereza, watataka kuona kwamba ulisoma kwa Kiingereza katika mojawapo ya zile nchi saba kuanzia darasa la saba hadi chuo, kwa hiyo omba barua za shule mapema. Shule ya sekondari iliyobadilisha jina au kufungwa inaweza kukula mwezi mzima. Kama shahada yako si ya elimu wala ya Kiingereza, ongeza cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, cha saa 100.

Karatasi inayoanza ni shahada, kwa sababu haichachi. Usipeleke cheti chenyewe kugongwa muhuri: toa nakala, wakili aithibitishe kwamba ni nakala ya kweli, kisha nakala hiyo ndiyo ipelekwe kwenye ofisi ya uthibitisho ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kuwekewa apostili, yaani muhuri unaoifanya ikubalike katika nchi nyingine. Cheti halisi kibaki ukutani kwenu.

Cheti cha polisi ndicho kinachochacha. Kiwe cha ngazi ya taifa, chako ni cha ACRO, ofisi ya kumbukumbu za jinai ya polisi wa Uingereza, nacho kinapaswa kuwa kimetolewa ndani ya miezi sita. Ukikichukua mapema kwa pupa, kitaisha muda ukingali unasubiri kituo cha kazi, urudi mwanzo. Nacho kinahitaji apostili yake. Wasomaji wenye pasipoti za Marekani wanateleza hapa kila mwaka: cheti cha FBI ni cha serikali kuu, kwa hiyo apostili yake hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje mjini Washington, wakati ile ya shahada hutolewa na jimbo. Ukipeleka cheti cha FBI kugongwa jimboni, kitakataliwa hata kama muhuri unang'aa. Wa Kanada wao waliunganishwa na utaratibu wa apostili Januari 2024; maelezo ya zamani ya kupitia ubalozi wayaache.

Halafu jina. Hili tunalikazia kwa sababu watu wetu wana majina matatu, manne. Korea itakuandika kama ulivyo kwenye pasipoti, kwa herufi kubwa, la ukoo likitangulia. Shahada ikiwa na majina mawili na pasipoti matatu, andaa kiapo cha kisheria kabla hujaulizwa. Na ukishafika, tatizo hilohilo linakufuata benki. Karani anayeandika majina yako mawili ya kwanza yakiwa yameshikana, na kampuni ya simu ikayaandika yameachana kwa nafasi moja, wamekutengenezea watu wawili: kila utakapotaka kuthibitisha utambulisho wako mtandaoni, mfumo utakwambia hufanani na wewe mwenyewe. Simama hapo dirishani, soma skrini, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, kabla hujaondoka.

Ukifika utapimwa afya, pamoja na kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya. Bangi imo, hata kama ulikotoka ni halali. Dawa ya Adderall, ya tatizo la umakini, ambayo wengine wameandikiwa na daktari wao, Korea ni marufuku; usiibebe. Kadi ya ukaazi unaiomba ndani ya siku 90. Ukipewa viza ya kuingia mara moja, usitoke nchini kabla kadi haijatoka, hata kwa wikiendi ya Japani, kwani viza yako ilishatumika mlangoni.

SWALI: Hagwon moja imenitumia mkataba: won 2,300,000 kwa mwezi, vipindi 30 kwa wiki, makato ni 3.3% tu, kuanzia Machi 5 hadi Februari 28. Ndugu zangu wanasema nisaini haraka kwa sababu makato ni madogo. Nina pasipoti ya Marekani. (Msomaji, Minneapolis)

Kwa wasiojua, hagwon ni shule ya binafsi ya masomo ya ziada. Watoto huingia wakitoka shule, ndiyo maana mwalimu huanza kazi saa nane mchana na kumaliza saa tatu usiku. Mjini Seoul lazima zifungwe saa nne usiku.

Sasa hizo 3.3%. Hicho ni kiwango cha kodi anachokatwa mtu aliyejiajiri. Maana yake mwajiri amekuandika kama fundi aliyepita kufanya kibarua, si mfanyakazi wake, na kwa hiyo hakuchangii pensheni wala bima ya afya. Tupige hesabu kwa viwango vya 2025. Mfanyakazi halali mwenye mshahara wako hukatwa pensheni 4.5%, yaani won 103,500. Bima ya afya 3.545%, yaani 81,535. Na mchango wa matunzo ya wazee unaoambatana na bima hiyo, kama 10,500. Jumla ni won 195,500 hivi, kodi ya mapato ikifuata kando. Kwa 3.3% unakatwa 75,900. Unaona umeokoa won 120,000 kwa mwezi.

Lakini raia wa Marekani, kama wa Kanada na Australia, akiondoka Korea moja kwa moja hurudishiwa pensheni yake yote, pamoja na nusu aliyochangiwa na mwajiri. Mara mbili ya 103,500 kwa miezi 12 ni won 2,484,000. Wewe hutapata hata moja. Na bima ya afya haikukwepi: tangu Julai 2019 mgeni akitimiza miezi sita anaingizwa kwa lazima, na asiye na mwajiri wa kumlipia nusu hulipa yote. (Waingereza pensheni yao hairudishwi, na raia wa Afrika Kusini hawaandikishwi kabisa, hivyo hesabu yao ni nyingine. Tangu Januari 2026 kiwango cha pensheni kimepanda hadi 4.75% kwa kila upande.)

Tarehe ndizo zilizotushtua zaidi. Sheria ya Korea inampa mfanyakazi kiinua mgongo cha mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi mfululizo, ilimradi afanye saa 15 au zaidi kwa wiki. Machi 5 hadi Februari 28 si mwaka mzima. Zimepungua siku nne, na siku hizo nne ndizo zinazobeba kiinua mgongo chote. Hatuamini ni bahati mbaya. Dai mkataba uishe Machi 4. Hesabu yake ni hii: chukua mshahara wa miezi mitatu ya mwisho, won 6,900,000, gawa kwa siku za miezi hiyo, tuseme 90, unapata kama 76,667 kwa siku, zidisha kwa 30, ni won 2,300,000 hivi. Zinatakiwa kulipwa ndani ya siku 14 baada ya kuondoka. Kipengele kinachosema "kiinua mgongo kimejumuishwa kwenye mshahara wa kila mwezi" hakina nguvu kisheria, hata ukikisaini.

Vipindi 30 ni vya dakika ngapi? Vya 40 ni saa 20 za darasani. Vya 55 ni saa 27 na nusu. Kisha uliza saa za kuwepo kazini, kwa sababu kusahihisha daftari, kupigia wazazi simu na kuandika ripoti vinafanyika nje ya vipindi. Yaandikwe yote mawili. Kwa wiki ya saa 40, kima cha chini cha mwaka 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa, na kwa mwezi huhesabiwa saa 209, kwa kuwa siku moja ya mapumziko kila wiki nayo hulipwa: won 2,096,270. Mwaka 2026 ni 2,156,880. Kwa hiyo 2,300,000 si mshahara wa kuringia. Ni hatua chache juu ya sakafu.

Uliza pia hagwon ina wafanyakazi wangapi. Penye wafanyakazi chini ya watano, sheria ya nyongeza ya 50% kwa saa za ziada haimfungi mwajiri, wala ya likizo ya mwaka, wala ya kujitetea ukifukuzwa bila sababu. Notisi ya siku 30, au mshahara wa siku hizo, inabaki pale pale ukishapita miezi mitatu kazini.

La mwisho, omba mawasiliano ya mwalimu wa kigeni aliyepo sasa, na umuulize mshahara huingia tarehe ngapi. Ukitaka kuhama kabla mkataba haujaisha, viza ya E-2 inakudai barua ya kuruhusiwa kutoka kwa mwajiri huyohuyo unayemkimbia, kwa hiyo ni heri kumjua kabla. Mgogoro ukizuka, namba ya Wizara ya Ajira na Kazi ni 1350. Ya uhamiaji ni 1345, na ina wakalimani.

SWALI: Naweza kufundisha tuisheni za watu binafsi wikiendi, nikiwa na E-2? (Msomaji, Busan)

Hapana. E-2 imefungwa kwa mwajiri aliyeandikwa. Kazi ya pili kwenye shule nyingine yawezekana ikiwa mwajiri wako ameridhia na uhamiaji wameiongeza. Tuisheni ya nyumbani haiwezekani kwa namna yoyote. Mwenye viza ya F-6 anaweza, akijisajili ofisi ya elimu ya wilaya.

SWALI: Wanafunzi wangu wa darasa la nne wanaongeza irabu kila mahali. Nimewasahihisha wiki sita, hakuna mabadiliko. (Mwalimu, Daegu)

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mmarekani hana, maana ugonjwa huu tunaujua kwetu. Sisi tulipokea "bus" tukaifanya basi, "bank" tukaifanya benki, "club" ikawa kilabu. Mkorea naye lugha yake hairundiki konsonanti, hivyo huziba nafasi kwa irabu yake fupi ya *eu*. "Bus" inakuwa *beoseu*. "Strike", ambayo kwa Kiingereza ni silabi moja, inakuwa *seuteuraikeu*, silabi tano. Mtoto hakosei kwa uvivu; ameiona imeandikwa hivyo kwa Hangul, herufi za Kikorea, tangu chekechea.

Kusema "hapana, sikiliza tena" hakusaidii, kwa sababu sikio lake halioni tofauti. Mpe kitu cha kuhesabu. Mwambie aweke kiganja chini ya kidevu na aseme neno: kidevu kikishuka mara moja, ni silabi moja. Kwa *seuteuraikeu* kidevu kitagonga kiganja mara nyingi na yeye mwenyewe atacheka. Kisha ujenge neno kutoka nyuma: "ike", "rike", "trike", "strike", kidevu kikishuka mara moja kila hatua. Dakika tano kila kipindi zinatosha. Vipindi vya msingi ni vya dakika 40 na ukizitumia zote kwa matamshi utawapoteza.

Irabu ikitulia, shughulikia konsonanti. Kikorea hakina *f*, *v* wala *z*: kahawa ni *keopi*, piza ni *pija*. Kwa *f*, meno ya juu yaguse mdomo wa chini na pumzi ipite. Karatasi nyepesi mbele ya mdomo itaruka kwa "pan" na kutikisika polepole tu kwa "fan". *R* na *l* wana herufi moja, ㄹ, na wasomaji wanaotoka kwenye lugha zetu zinazochanganya hizo mbili hawahitaji kuelezwa zaidi. Angalieni pia *s* kabla ya *i*, ambayo hugeuka *sh*. Mwalimu mgeni anayewaomba watoto warudie "sit down" kwa sauti kubwa atajua kwa nini tunasema aanze na "see" na "she".

Kuna kosa moja lisilosemwa sana: *t* au *d* ikikutana na *m* au *n*, Mkorea huigeuza sauti ya pua. "Good morning" inatoka *gunmoning*. Usiisahihishe mpaka wafike madarasa ya juu. Inaeleweka, na kuna ya muhimu zaidi.

SWALI: Chumba nilichopewa na shule ni baridi, na naogopa bili ya gesi. Nizime kabisa nikitoka? Na takataka za jikoni nazitupaje? (Msomaji, Chuncheon)

Usizime. Joto la nyumba za Korea hutoka sakafuni: boila hupasha maji yanayopita kwenye mabomba chini ya miguu yako. Ukizima wakati nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, mabomba yanaganda na kupasuka, na mwenye nyumba atakudai wewe. Kwenye kile kidude cha ukutani tafuta neno 외출, *oechul*, maana yake "nimetoka": boila inafanya kazi kidogo tu, ya kuzuia kuganda. Baridi ikiwa kali sana, acha na bomba la maji lidondoshe matone.

Takataka za kawaida huwekwa kwenye mifuko rasmi ya mtaa wako, inayouzwa dukani. Mfuko wa wilaya nyingine hauchukuliwi. Mabaki ya chakula hutengwa, na kipimo chepesi ni kama mnyama angeweza kuyala. Kwa hiyo mifupa, maganda ya mayai, ya kitunguu na ya chaza hayamo humo. Yanaingia mfuko wa kawaida.

SWALI: Mimi ni Mwislamu na nitakula chakula cha shule. Nitajuaje penye nguruwe bila kusoma Kikorea? (Mwalimu mtarajiwa, Cape Town)

Orodha ya chakula cha mwezi ya kila shule huwa na tarakimu ndogo mbele ya kila chakula. Hizo ni namba za aleji, na ni zilezile nchi nzima. Nguruwe ni 10. Kuku ni 15, ng'ombe ni 16, kamba ni 9. Ukiona "5.6.10" mbele ya supu, ndani kuna soya, ngano na nguruwe. Piga picha orodha ya mwezi, zungushia siku zote zenye 10, na siku hizo beba chakula chako. Supu isiyo na nyama inayoonekana bado yaweza kuwa na 16, kwa sababu mchuzi umechemshwa na mifupa ya ng'ombe, na huyo hakuchinjwa kwa sharti lako. Yenye 15 nayo ina swali hilohilo. Mwambie mpishi mkuu wa shule wiki ya kwanza, kupitia mwalimu mwenzako wa Kikorea. Ukingoja mpaka umekuwa mezani na sahani imejaa, utaonekana unakataa ukarimu.